Bibi wa Kifini wa Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wasomaji wetu walioko Minnesota na Michigan, hasa walio katika kazi ya kutunza wazee, hukutana na mabinti na wajukuu wa mwanamke anayeelezwa hapa. Mzee wa miaka tisini na kitu, jina lake Aino au Lempi, anataka kahawa yake alasiri bila kukosa, na ukimuuliza habari za mama yake, vuta kiti. Maswali yanayozuka baada ya mazungumzo hayo ni yaleyale, ndiyo maana tumeyaweka pamoja.

Bibi wa ukurasa huu si mtu mmoja. Ni kizazi cha wanawake waliozaliwa Ufini kati ya miaka ya 1870 na 1900 hivi, wakavuka bahari wakiwa wasichana, wakazikwa Marekani wakiwa vikongwe. Familia zilitofautiana sana, na pale tofauti inapobadilisha jibu tumesema.

## Mwanzo wa safari

Huyu bibi ni nani, na kwa nini familia nzima inamzunguka yeye?

Wajukuu walimwita mummo. Kwa kawaida alitoka Pohjanmaa, eneo la magharibi mwa Ufini kandokando ya Ghuba ya Bothnia. Alikuja Marekani kabla ya vita vya 1914 akiwa na miaka ishirini au pungufu, akaolewa na Mfini mwenzake, akafiwa na mume, kisha akaishi miaka mingi akiwa yeye ndiye mwenye nyumba. Aliyezaliwa 1890 na kufa 1975 alianza maisha chini ya mfalme wa Urusi, akaona umeme ukifika shambani kwake, na akakaa mbele ya televisheni kuangalia watu wakitembea mwezini.

Wafini si kama Waluguru: ukoo wao haufuati upande wa mama, na jina na ardhi vilipita kwa baba. Kwa hiyo ukubwa wa bibi huyu haukuletwa na mila. Uliletwa na mambo mawili ya kawaida kabisa, kwamba mume hakuwa akishinda nyumbani, na kwamba mume alitangulia kufa. Tazama "Mume alikuwa wapi?" na "Kwa nini aliishi kuliko mumewe?"

Kwa nini aliondoka Ufini?

Ardhi haikutosha. Shamba lilirithiwa na mtoto mmoja, na wengine wakabaki vibarua au wapangaji waliolipia kipande chao cha ardhi kwa siku za kazi katika shamba la mwenyewe. Njaa kuu ya 1866 hadi 1868 iliua karibu mtu mmoja kati ya kila kumi na wawili nchini humo. Wazazi wake waliikumbuka, na mkate uliochanganywa na unga wa gome la msonobari haukuwa hadithi kwao. Wavulana walikuwa na sababu ya ziada: sheria ya 1901 iliyotaka vijana wa Kifini waingizwe katika jeshi la Urusi.

Kwa msichana hesabu ilikuwa nyepesi. Kijijini angekuwa piika, mtumishi wa shamba wa kukamua, kufua na kubeba maji, kwa ujira mdogo mno. Dada au shangazi aliyetangulia alimtumia tiketi iliyokwisha kulipiwa. Wafini zaidi ya 300,000 walivuka kwenda Amerika Kaskazini kati ya miaka ya 1860 na 1920, na tusidhani walikuwa wanaume watupu. Wasichana waliosafiri peke yao walikuwa wengi.

Alisafiri kwa njia gani?

Kutoka bandari ya Hanko, kusini mwa Ufini, kwa meli ndogo kama Arcturus au Polaris zilizobeba pia siagi ya kuuzwa Uingereza. Alishuka Hull, akapanda treni hadi Liverpool, na huko ndiko alikopanda meli kubwa ya kuvuka Atlantiki. Wengine walifikia New York, wengine Boston, wengine bandari za Kanada. Wafini 63 walikuwa ndani ya Titanic mwaka 1912, na wengi wao hawakufika.

Alifikia wapi?

Wafini wa kwanza wa wimbi hili walifika Hancock, Michigan, katikati ya miaka ya 1860. Walitokea migodi ya kaskazini mwa Norway, baada ya migodi ya shaba ya Marekani kutuma watu kuwaajiri. Baadaye wakaenea: shaba Calumet, chuma Ishpeming na Negaunee, chuma tena katika safu ya Mesabi huko Minnesota, bandari ya Ashtabula Ohio, viwanda vya Fitchburg Massachusetts, samoni Astoria Oregon.

Msichana asiye na mume alielekea zaidi miji mikubwa. New York ilikuwa na mtaa wa Wafini Harlem na mwingine Sunset Park, Brooklyn. Hapo Sunset Park mwaka 1916 walijenga nyumba za ghorofa za ushirika zinazohesabiwa kuwa za mwanzo za aina hiyo Marekani.

## Kazi, ndoa na shamba

Alifanya kazi gani kabla ya kuolewa?

Hausigeli, karibu wote. Wafini walisifiwa kwa usafi na kwa kutochoka, sifa ambayo mwajiri huitoa kwa urahisi pale inapomfaa. Lakini kazi ile ilimpa kitu ambacho mwanamume wa mgodini hakukipata: Kiingereza. Yeye alikisikia mezani na jikoni kutwa nzima, wakati mumewe mtarajiwa alifanya kazi na kulala na Wafini wenzake. Ndiyo maana katika familia nyingi mama ndiye aliyezungumza na mwalimu, daktari na mwenye duka.

Katika miji ya migodi kazi nyingine ilikuwa kupikia nyumba za wapangaji, ambako wanaume kumi, ishirini au zaidi walikula na kulala kwa zamu. Siku ilianza kabla ya alfajiri kwa kufungasha vyakula vya kwenda mgodini na kwisha usiku kwa kufua nguo zilizojaa vumbi jekundu la chuma. Wanawake hawa walikuwa na gazeti lao, Toveritar, lililoanza kuchapishwa Astoria mwaka 1911. Liliandika siasa za kisoshalisti, malezi ya watoto na haki za watumishi wa ndani, na lilisomwa hata na wasiokubaliana nalo.

Mume alikuwa wapi?

Msimu wa baridi alikuwa kambini akikata magogo, na kiangazi mara nyingi mgodini, bandarini au kwenye reli. Shamba lilikuwa la mke, kwa kazi ikiwa si kwa hati. Kukamua ng'ombe, tangu Ufini, kulikuwa kazi ya wanawake, na ng'ombe ndio walioleta fedha ya uhakika.

Saa kumi na moja asubuhi, theluji imefika madirishani, bibi anakwenda zizini na taa ya mafuta. Anawaita ng'ombe kwa majina, Mansikki akiwa mmoja wao bila shaka, kwa kuwa karibu kila zizi la Kifini lilikuwa na Mansikki. Akimaliza anamimina maziwa katika mashine ya kutenganisha malai na kuzungusha mpini kwa mkono; mashine ikianza kuimba kwa sauti moja anajua mwendo umetimia. Malai yanaingia kwenye debe la kupelekwa kiwandani, mara nyingi kiwanda cha ushirika cha Wafini wenyewe. Maziwa yaliyobaki wanapewa ndama na watoto. Hundi ya malai ililipa unga, kahawa, sukari na viatu. Aliyeishika hundi hiyo ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho nyumbani, na baba aliporudi masika alikuta nyumba ina utaratibu wake tayari.

Kwa nini waliacha migodi wakaenda kulima mawe?

Wengine walitaka tu ardhi yao, jambo walilolikosa Ufini. Wengi walisukumwa. Baada ya mgomo wa Mesabi wa 1907, na tena baada ya mgomo wa shaba wa Michigan wa 1913 na 1914, majina ya Wafini yaliwekwa katika orodha za wasioajirika. Kilichopatikana kwa bei waliyoiweza ni ardhi iliyokwisha kukatwa misitu: visiki, mawe na vinamasi, na msimu wa kupanda usiofika miezi minne. Aliyepita leo Toivola au Tapiola huko Michigan, au Embarrass huko Minnesota, ataona rundo la mawe pembeni mwa kila uwanda wa nyasi. Mawe hayo yalitolewa kwa mkono, na si na wanaume peke yao.

Ni kitu gani kilitokea Krismasi ya 1913?

Mgomo wa shaba ulikuwa umeanza Julai. Mkesha wa Krismasi, tawi la wanawake la chama cha wachimbaji liliandaa sherehe kwa ajili ya watoto wa wagomaji katika ghorofa ya juu ya jengo la Italian Hall, Calumet. Mtu akapiga kelele kwamba kuna moto. Moto haukuwapo. Watu walikimbilia ngazi, wakaanguka, wakalaliana. Walikufa 73, wengi wao watoto, na sehemu kubwa walikuwa Wafini. Aliyepiga kelele hakujulikana. Mgomo ulishindwa Aprili 1914. Jengo lilibomolewa mwaka 1984, na tao la mlango wake likaachwa limesimama.

Ukimsikia mzee anayetoka upande huo akisema "mama hakupenda Krismasi", usimhimize aeleze. Katika familia nyingi habari hii haikusimuliwa hata kwa watoto waliozaliwa baadaye.

Alizaa watoto wangapi?

Sita hadi kumi si ajabu, na aliyezika wawili watatu wachanga hakuhesabiwa kuwa na bahati mbaya kuliko jirani. Waumini wa vuguvugu la Laestadius (tazama "Alikuwa mtu wa kanisa au wa ukumbi?") walizidi hapo, na baadhi yao wana familia kubwa mpaka leo.

## Sauna na meza ya kahawa

Ni kweli walijenga sauna kabla ya nyumba?

Mara nyingi, ndiyo, na haikuwa anasa. Sauna ni chumba kidogo cha magogo chenye tanuri la mawe. Hujengwa kwa muda mfupi kuliko nyumba, na familia inaweza kulala humo msimu wa kwanza wakati nyumba inapanda. Nyumba ikikamilika, sauna inabaki bafu, mahali pa kufulia, pa kukaushia nyama na, kama inavyoelezwa chini, wodi ya uzazi.

Jumamosi asubuhi watoto walichota maji na moto ukawashwa chini ya mawe. Katika sauna ya zamani isiyo na bomba la moshi, moshi ulijaa chumba chote na kutokea kwenye tundu la ukutani. Kuni zikiisha, makaa yaliondolewa, benchi zikafutwa masizi, na mlango ukafungwa mpaka hewa itulie. Ndipo watu wakaingia, wakapanda benchi la juu, na mmoja akamwaga kata ya maji juu ya mawe. Mvuke ule hauvumi. Unakuja kimya na kukukamata masikio kwanza. Walijichapa taratibu kwa fungu la matawi ya mti wa betula yenye majani yake, wakatoka nje kupoa, wakarudi tena. Majirani wasio na sauna walikaribishwa, na zamu zilipangwa na bibi: nani aingie kwenye joto kali la mwanzo, nani asubiri na watoto.

Alizalia sauna kweli?

Ndiyo, na mtu asiyejua hudhani ni kisa cha kuchekesha. Fikiria shamba lililo mbali na daktari, nyumba ya chumba kimoja au viwili, wapangaji na watoto kila kona. Sauna ilikuwa na joto, maji ya moto, faragha na mlango unaofungika, na kuta zake zilizopigwa moshi zilikuwa safi kuliko za nyumba. Mkunga alikuwa jirani, mara nyingi bibi mwingine wa aina hiihii. Maiti nazo ziliogeshwa humo. Miaka ya 1930 na 1940 hospitali zilipokaribia desturi ilikwisha, lakini katika kazi ya kutunza wazee bado unaweza kukutana na mtu aliyezaliwa hivyo.

Alipika nini?

Kahawa kwanza. Mgeni hakuulizwa kama anataka. Wazee waliinywa kwa kuimimina kwenye kisahani, kipande cha sukari kikiwa kati ya meno.

Kando ya kahawa kulikuwa na nisu, mkate mtamu uliosukwa kama nywele na kutiwa iliki. Ndiyo, iliki ileile ya mandazi na chai yetu. Wasomaji kadhaa wametuandikia kwamba harufu hiyo ndiyo iliyowashtua walipoingia nyumba ya mzee wa Kifini kwa mara ya kwanza, na hatuwashangai. Kulikuwa pia na mtindi mzito uitwao viili, ambao bibi aliuendeleza kwa kubakiza kijiko cha jana. Jibini bapa lililochomwa mbele ya moto, linalolia chini ya meno. Chapati nene ya mayai na maziwa inayookwa ndani ya tanuri. Mchuzi wa samaki na viazi. Na mkate mweusi. Kutoka kwa wachimbaji wa Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, alijifunza sambusa kubwa ya nyama na viazi inayotoshea mfukoni mwa mchimbaji, na leo wajukuu wengi wanaapa ni ya Kifini.

## Imani, siasa na majirani

Alikuwa mtu wa kanisa au wa ukumbi?

Hili ndilo swali lililogawa kila mji wa Kifini, na jibu lake lilionyesha alinunua wapi, alisoma gazeti gani, na watoto wake walicheza na nani.

Upande mmoja kulikuwa na makanisa ya Kilutheri, nayo hayakuwa na umoja. Sinodi ya Suomi (yaani Ufini) iliundwa Calumet mwaka 1890, na mwaka 1896 ikaanzisha chuo huko Hancock, kilichokuja kuitwa Finlandia University na kufungwa mwaka 2023. Wafuasi wa mhubiri Lars Levi Laestadius walikuwa na makanisa yao yenye masharti makali zaidi. Upande wa pili kulikuwa na kumbi za wafanyakazi: mihadhara, michezo ya kuigiza, dansi, mazoezi ya viungo, na gazeti la Työmies mezani. Katikati, na wakubwa kwa umri kuliko kumbi hizo, walikaa watu wa vyama vya kupinga pombe. Huko wanawake walipata jukwaa la mapema. Maggie Walz wa Calumet alifanya biashara, akahariri gazeti la wanawake na kuongoza Wafini kwenda kuanzisha makazi katika kisiwa cha Drummond.

Bibi wengi walikuwa na msimamo. Wachache walikuwa na busara ya kubatiza watoto kanisani na kwenda dansi ukumbini, wakasengenywa na pande zote mbili.

Ushirika ulikuwa na uzito gani?

Mkubwa. Duka la ushirika lilimkopesha mgomaji wakati duka la kampuni lilimfungia mlango. Mwaka 1917 maduka haya yaliunda ghala lao la jumla huko Superior, Wisconsin. Mwaka 1929 na 1930 wakomunisti na wasio wakomunisti wakapigania umiliki wake, wakomunisti wakashindwa, na kuna miji iliyobaki na maduka mawili ya ushirika yaliyotazamana. Wanawake walikuwa na vikundi vyao ndani ya ushirika, na ndio waliojua nani kaacha kununua na kwa nini.

Watoto wake walizungumza lugha gani?

Kifini nyumbani mpaka siku ya kwanza ya shule. Wakubwa walijifunza Kiingereza kwa shida, wadogo walikichukua kwa kaka zao, na kitindamimba mara nyingi alimwelewa mama kwa Kifini na kumjibu kwa Kiingereza. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huweza kurudi kwenye Kifini peke yake. Akiita äiti, anamwita mama.

## Uzee wake

Kwa nini aliishi kuliko mumewe?

Mgodi uliua kwa njia mbili, kwa ajali ya ghafla na kwa vumbi la mapafu lililochukua miaka. Msitu uliua kwa mti ulioanguka vibaya. Pombe ilichukua sehemu yake, ingawa familia husema "moyo". Mume kwa kawaida alikuwa pia na umri mkubwa kuliko mke. Ukijumlisha hayo, mjane mwenye watoto wadogo halikuwa jambo la nadra. Wengine waliolewa tena upesi, wengi na mpangaji wa zamani; wengine walikataa katakata, kwa kuwa shamba lilikwenda vizuri bila mtu wa kulishwa zaidi.

Kuna wanaosifia sauna kwa umri wake mrefu. Sisi tungeanza na kwamba hakuwahi kuteremka mgodini.

Alifanya nini miaka yote hiyo ya ujane?

Alifuma. Kitanda cha mfumi kilisimama chumbani au juu ya banda, na kila nguo ya familia iliyochakaa ilichanwa vipande na kurudi sakafuni ikiwa zulia la milia. Mjukuu aliyekua humo anaweza kukuonyesha ule mstari wa buluu na kusema ulikuwa shati la mjomba gani. Alilima viazi, alisoma Biblia au gazeti la chama, alizika marafiki. Na aliandika barua.

Aliwahi kurudi Ufini?

Kadiri ya mmoja kati ya watano wa wahamiaji alirudi kuishi, zaidi wanaume. Bibi wetu, akiwa na watoto, alibaki, na sheria ya 1924 iliyobana uhamiaji ilimaanisha ndugu zake nao hawakuweza kumfuata. Alipofika uzee na ndege zikawa za kawaida, baadhi walikwenda mara moja, wakakuta dada aliyemwacha kijana ni kikongwe kama yeye.

Wakati wa Vita vya Majira ya Baridi, Usovieti ilipoivamia Ufini, Novemba 1939 hadi Machi 1940, na miaka ya njaa baada ya 1945, alituma vifurushi: nguo, viatu, sindano, na juu ya yote kahawa, kwa sababu Ufini kahawa iliendelea kuuzwa kwa mgao hadi 1954. Ndugu walioko Ufini wanakumbuka vifurushi hivyo kuliko uso wake.

## Maswali magumu

Je, ni kweli Wafini waliwahi kukataliwa kuwa "weupe"?

Ilijaribiwa. Mwaka 1908 wakili wa serikali huko Minnesota alipinga ombi la uraia la mchimbaji John Svan na Wafini wenzake, akidai Wafini ni "Wamongolia" na kwa hiyo sheria haiwaruhusu kuwa raia. Jaji William Cant wa Duluth alilikataa dai hilo Januari mwaka huohuo. Muda wake si wa bahati tu, kwani mgomo wa Mesabi ulikuwa umetoka kuzimwa, na Wafini ndio walioonekana vinara wake. Hata hivyo, kesi ikiisha walikuwa weupe mbele ya sheria, mlango ambao watu wengine wengi waliendelea kufungiwa.

Ardhi waliyolima ilikuwa ya nani?

Ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Mikataba ya 1842 na 1854 iliyotiwa saini La Pointe ndiyo iliyoiweka mikononi mwa serikali ya Marekani, kisha kampuni za migodi na za mbao zikaichuma, kisha visiki vikauzwa kwa Wafini. Majirani hawa walibadilishana samaki, kazi na ujuzi wa msitu, na wengine wakaoana. Familia zenye bibi wa Kifini upande mmoja na bibi wa Kiojibwe upande wa pili zipo mpaka leo.

Alikuwa raia? Aliwahi kupiga kura?

Inategemea mwaka. Kabla ya Septemba 1922 mke alifuata uraia wa mume: mume akipewa uraia, naye amekuwa raia bila kuapa wala kupata cheti chake. Baada ya hapo alihitaji kuomba mwenyewe, na wengi hawakuomba. Ndiyo maana mwaka 1940, serikali ilipotaka kila mgeni ajiandikishe na kuchukuliwa alama za vidole, mjane wa miaka sitini aliyekaa Marekani tangu ujana alijikuta kwenye foleni ya posta.

Kuna la kushangaza zaidi. Kati ya 1907 na 1922, binti aliyezaliwa Marekani akiolewa na Mfini asiye raia alipoteza uraia wake wa kuzaliwa. Baadhi walilijua hilo walipokuwa wazee.

Kuhusu kura: wanawake wa Ufini walipata haki ya kupiga kura na kugombea mwaka 1906, na mwaka uliofuata 19 waliingia bungeni. Marekani nzima ilifika huko 1920. Aliyehama 1910 aliondoka penye haki akaenda pasipo nayo.

Kuna kaka au mjomba "aliyekwenda Karelia". Maana yake nini?

Kati ya 1931 na 1934, wakati ajira zimekauka, zaidi ya Wafini 6,000 wa Marekani na Kanada walihamia Karelia ya Kisovieti, mpakani na Ufini, kujenga jamhuri ya wafanyakazi. Walikwenda na misumeno, magari na akiba zao. Mwaka 1937 na 1938 dola ya Stalin iliwageuka. Wengi walikamatwa, wengi wakapigwa risasi, na baadhi ya makaburi ya halaiki yako Sandarmokh na Krasny Bor. Barua zilikatika. Bibi aliyebaki Minnesota hakujua kama aandike tena au akinyamaza ndiyo atamlinda.

Ukimya huo uliongezwa na miaka ya 1950, ambapo asiye raia aliyewahi kuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti angeweza kufukuzwa nchini. Kadi zilichomwa, picha za ukumbini zikakatwa kwa mkasi. Kwa hiyo familia ikikuambia "mama hakuwa na siasa", angalia kwanza tarehe ya picha zinazokosekana.

Mbona hati inasema alizaliwa Urusi?

Ufini ilikuwa chini ya Urusi kuanzia 1809 hadi Desemba 1917. Makarani wa sensa za 1900 na 1910 waliandika mara Urusi, mara Ufini, mara vyote viwili. Angalia safu ya lugha ya mama, ikiwepo.

Simwoni kwenye orodha ya abiria. Nifanyeje?

Jina ndilo tatizo, karibu siku zote. Katika vitabu vya kanisa vya Ufini aliandikwa kwa jina lake la kuzaliwa hata baada ya kuolewa, huenda kwa jina la baba lenye kiambishi cha "binti wa", huenda kwa jina la shamba, na huenda kwa umbo la Kiswidi: Hilja aliyezoeleka nyumbani anaweza kuwa Hilda kitabuni. Huku Marekani Mäki (maana yake kilima) akawa Maki au Hill, na majina marefu yakakatwa nusu.

Anza na mwaka na parokia, siyo jina. Vitabu vya parokia vilirekodi waliohama na tarehe waliyochukua cheti cha kuondoka. Orodha za pasipoti za mikoa ya Vaasa na Oulu zimehifadhiwa, na Taasisi ya Uhamiaji iliyoko Turku ina kumbukumbu za abiria wa meli za kutoka Hanko. Huku Marekani tafuta daftari la kanisa, daftari la ubia la duka la ushirika, na sensa. Ya 1950 imefunguliwa tangu 2022, na humo bibi huenda akaonekana peke yake na ng'ombe wake, au kwa binti yake mkubwa. Ukikwama kabisa, mwache yeye utafute dada zake. Mara nyingi hakuwa wa kwanza kuondoka, na aliyemtumia tiketi ndiye mwenye anwani.